Viza ya kazi Ujerumani kwa diploma ya uuguzi ya Tanzania: anzeni na saa zenu za masomo, ubalozi baadaye

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Muheza, nimesoma diploma ya uuguzi na ukunga ya miaka mitatu hukohuko nyumbani, na sasa nafanya kazi hospitalini Kassel, katikati ya Ujerumani. Nimemaliza zamu nne za usiku mfululizo, leo napumzika, nikasema niandike mara moja jambo ambalo nimekuwa nikiwajibu watu vipandevipande.

Meseji inakuja ileile kila siku: "Dada, viza ya kazi naipataje?" Nikiuliza kama cheti chake kimeshatambuliwa, mtu anakaa kimya, au ananitumia picha ya cheti chenye ufaulu wa juu. Ndugu zangu, viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi ndiyo hatua ya mwisho. Kabla yake kuna kitu Wajerumani wanakiita Anerkennung, kutambuliwa kwa cheti. Wanachukua mafunzo yako, wanayaweka ubavuni mwa mafunzo yao, wanahesabu. Na hawahesabu alama. Wanahesabu saa.

Muuguzi anayesomea hapa anapitia miaka mitatu yenye saa 4,600: 2,100 za darasani na 2,500 za mazoezi. Ndani yake kuna wodi za watoto, saikiatria (magonjwa ya akili), uuguzi wa wazee na uuguzi wa majumbani. Ofisa aliyefungua faili lako hana habari kwamba uliongoza darasa. Anatafuta mstari unaosema ulikaa wodi ya watoto saa kadhaa, muhula fulani. Asipouona, kwake hukupita huko.

Niliyajua haya nikiwa nimechelewa. Mwaka 2021 nilimpa wakala mmoja wa Dar milioni mbili na laki mbili. Zilikuwa pesa za machungwa ya mama, msimu mzima. Akapokea nakala za vyeti, akaniandikia risiti ya mkono, akaniambia nikae mkao wa kula, ubalozi utapiga simu. Nilikaa miezi saba. Siku namba yake ilipoacha kupatikana ndipo nikagundua hapakuwa na ombi lolote lililopelekwa popote. Sikuwa na hata karatasi moja yenye jina langu kwenye ofisi yoyote ya Ujerumani.

Nikaanza upya, safari hii peke yangu. Machi 2022 nilijiandikisha Kijerumani Goethe-Institut, pale Upanga. Wakati nasoma lugha nikarudi chuoni kuomba mtaala wenye saa. Msajili akanipa transkripti. Nikamwambia huyo msajili, transkripti ninayo, nataka mchanganuo: somo, saa za darasani, saa za wodini, wodi gani, muhula gani, muhuri kila ukurasa. Ilinichukua safari nne za basi. Safari ya tatu nikakumbuka kile kijitabu cha mazoezi tulichokuwa tunasainiwa na masista wa wodi. Mama yangu alikuwa ameking'ang'ania, kimo ndani ya tranka lake pamoja na kanga za harusi, kinanuka naftalini. Kurasa za wodi ya watoto zilikuwa na madoa ya zambarau ya jivii, alama za vidole vyangu mwenyewe vya mwaka wa pili. Sahihi zote zilikuwepo. Kile kijitabu ndicho kilichookoa faili langu, maana rekodi za chuo za mwaka ule zilikuwa pungufu.

Nitaendelea, ngoja nile kwanza. Maswali wekeni hapahapa ili na wengine wafaidike.

Jirani wa Kigamboni

Dada naweka kambi hapa. Shusha nondo taratibu, nina mdogo wangu kamaliza diploma 2023, yupo nyumbani anauza juisi.

Mleta uzi

Karibu jirani. Naendelea.

Ombi la kutambuliwa halipelekwi ubalozini wala Berlin. Ujerumani ina majimbo 16 na kila jimbo lina mamlaka yake ya kupima vyeti vya afya. Kwa hiyo lazima ujue kwanza unaelekea jimbo gani. Kuna tovuti ya serikali inaitwa Anerkennung in Deutschland: unaandika kazi yako na mji, inakupa ofisi husika. Vilevile kuna kituo chao cha ushauri Bonn, kinajulikana kwa kifupi ZSBA, wanashauri bure watu waliopo nje ya Ujerumani. Niliwaandikia kwa Kiingereza, mtu halisi akanijibu, akanionyesha karatasi zipi zinakosekana. Baada ya yale ya wakala, nilisoma ile barua pepe mara tatu nikitafuta mahali wanapodai hela. Hapakuwepo.

Ada ya kupima cheti inategemea jimbo na kazi, kwa kawaida ni kati ya euro 100 na 600. Kinachouma ni tafsiri. Vyeti vyetu vingi vya chuo viko kwa Kiingereza, lakini kwa uuguzi nilidaiwa Kijerumani cha mtafsiri aliyeapishwa, naye anatoza kwa mstari. Mtaala wangu na kile kijitabu vilinila euro 640. Msitafsiri kila kitu mlichonacho, ulizeni kwanza ofisi inataka nini.

Cheti cha mwenendo kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga, na kile cha polisi cha alama za vidole, chukueni mwishoni kabisa. Vinazeeka haraka. Mimi vya kwanza viliisha muda vikiwa kwenye bahasha.

Jibu lilipokuja halikuwa ndiyo wala hapana. Linaitwa Defizitbescheid, barua ya mapungufu. Waliandika kwamba uuguzi wa wazee haupo, uuguzi wa majumbani haupo, saikiatria haitoshi. Nililia siku ile, nikadhani nimekataliwa. Kumbe barua hiyohiyo ndiyo inayokufungulia viza. Inasema: huyu ni muuguzi, amebakiza hiki na hiki, aje akimalizie huku. Sheria ya ukaazi ina kifungu cha 16d kwa ajili ya mtu kama huyo. Unaingia, unafanya kazi kama msaidizi wa muuguzi huku unajaza mapengo, kisha unachagua moja kati ya mawili. Ama ukae kwenye mafunzo ya kujazia, yanayoweza kufika hata miaka mitatu, ama ufanye mtihani wa kupima maarifa, Kenntnisprüfung. Ukimaliza na ukiwa na Kijerumani cha kutosha, kawaida ngazi ya lugha ya B2, unapewa hati ya kuitwa Pflegefachfrau, muuguzi kamili, na kibali chako kinahamia kifungu cha 18a cha wafanyakazi wenye ujuzi wa fani.

Mwananchi Mwenye Hasira

Maneno mengi. Ukweli ni kwamba hizi safari ni za watoto wa wakubwa na wenye connection. Sisi wengine tumetapeliwa hadi tumechoka. Hapa nitajie wakala mmoja tu wa kuaminika tumalize uzi.

Mleta uzi

Ndugu yangu, hasira yako naielewa, nimepita humohumo. Ila kwa uuguzi jina la wakala sitakupa, na sababu ni kubwa kuliko mimi. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya. Ile ya mwaka 2023 ina nchi 55. Tanzania imo, na majirani zetu Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wamo. Kanuni za ajira za Ujerumani, kifungu cha 38, zinasema kwa nchi za orodha ya namna hiyo, kusaka watu wa kazi za afya na kuwaunganisha na waajiri kunaruhusiwa kufanywa na Wakala wa Ajira wa serikali yao peke yake. Mtu binafsi mwenye ofisi Kariakoo, au mwenye ofisi Frankfurt, anayekusajili Tanzania kama muuguzi ili akuuze kwa hospitali ya Ujerumani, anavunja sheria ya huku. Na hospitali inayompokea inajua.

Wewe mwenyewe hujakatazwa kuomba. Hapo ndipo watu wengi wanapopotoshwa. Muuguzi wa Tanzania akiandika barua yake mwenyewe kwa hospitali hakuna sheria inayovunjwa. Mimi niliandika barua 31. Kumi na tisa hazikujibiwa. Mbili zilinipa usaili kwa video. Moja ikanipa mkataba.

Kwa hiyo siyo suala la connection, mkuu. Ni barua 31 na Kijerumani cha B1 mkononi. Hospitali iliyonichukua ilisema wazi kwamba barua yangu ya mapungufu ndiyo iliyowavutia, maana waliona njia ya kunifikisha kwenye hati imeshaonekana. Wengine walikuwa wametuma vyeti vya ufaulu tu.

Pwani ya Kenya

Habari dadangu, mimi niko Mombasa. Huku kwetu tuliambiwa Wajerumani watachukua watu laki mbili unusu baada ya rais kwenda Berlin. Kakangu ameacha kazi ya hoteli Diani akingoja hizo nafasi. Ziko kweli?

Mleta uzi

Pole kaka, na nakujibu kwa uzito kwa sababu ya huyo ndugu yako. Mkataba upo kweli, Kenya na Ujerumani walitia saini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, mbele ya Rais Ruto na Kansela Scholz. Unarahisisha mambo ya viza, mafunzo, na pia kurudishwa kwa wasio na vibali. Ile hesabu ya 250,000 ilienea kwenye vyombo vya habari, na wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikaikanusha: hakuna idadi wala mgao ulioandikwa humo. Kila Mkenya anapita palepale tunapopita sisi: cheti kupimwa, lugha, mkataba wa kazi. Mwambie arudi kazini Diani aanze Kijerumani jioni. Nairobi Goethe wapo. Na wakala yeyote atakayemwendea, kwenu Mamlaka ya Ajira ya Taifa, NEA, ina orodha ya waliosajiliwa, aiangalie kabla ya kutoa hata shilingi.

Pwani ya Kenya

Shukran sana. Nitamuonyesha hii leo usiku.

Fundi Nguzo

Mkuu mimi ni fundi umeme, nipo Arusha, VETA Level Two, miaka tisa saiti. Uzi wote ni wa manesi. Sisi mafundi tunahesabiwa vipi? Nina miaka 38.

Mleta uzi

Fundi, fani yako sikuisomea na sitaki kukupoteza. Kuna kaka yetu yupo Stuttgart, nimemwita huku.

Kaka wa Stuttgart

Nimefika. Fundi, pole na kazi. Mimi nilikuja kwa VETA na leo nafunga paneli za viwandani, kwa hiyo nitakueleza nilivyopita.

Jambo la kwanza ni jina la kazi utakayolinganishwa nayo. Kijerumani hakina "fundi umeme" mmoja. Ukisema wewe ni wa majengo, waya za nyumba, mita, soketi, unalinganishwa na Elektroniker für Energie- und Gebäudetechnik, na anayekupima ni chemba ya mafundi stadi ya mkoa, HWK. Ukisema wewe ni wa mitambo ya kiwanda, ni Elektroniker für Betriebstechnik, na hapo wanaopima ni IHK FOSA, ofisi iliyopo Nürnberg. Faili lilelile, majibu mawili tofauti. Mimi nilikuwa nimefanya kazi kiwanda cha saruji miaka minne, nikachagua ya pili. Kaa chini uandike umefanya nini wiki hadi wiki kabla hujachagua.

Pili, barua za waajiri. Kwetu mtu anaandikiwa "ni kijana mwaminifu, mchapakazi, tunamtakia kila la heri". Hiyo haina kazi hapa. Uzoefu unaweza kuziba pengo la mafunzo, ila lazima uandikwe: alifunga mota za fezi tatu za ukubwa gani, alisoma michoro, alipima upinzani wa ardhi kwa kifaa gani, tangu mwezi gani hadi mwezi gani, saa ngapi kwa wiki. Nilikwenda kwa injinia wangu wa zamani na orodha ya kazi kutoka mtaala wa Kijerumani, tukapitia moja moja, alizoniona nikifanya akaziandika, ambazo hakuniona akaziruka. Ilikuwa barua ya kurasa tatu. Ile ndiyo iliyonipa utambuzi wa sehemu, na sehemu iliyobaki nikaimalizia kazini huku.

Ukiwa na miaka tisa kwenye saiti lakini karatasi hazipo kabisa, kuna kitu kinaitwa uchambuzi wa ujuzi: unafanya kazi mbele ya mtaalamu, anaandika anachokiona. Ofisi inayokupima ndiyo inayoamua, hujipangii mwenyewe.

Tangu Machi 2024 kuna mlango mwingine kwa wenye uzoefu, ambao hawahitaji kufananishwa kikamilifu. Unatakiwa uwe na mafunzo yanayotambuliwa na serikali ya nchi yako yaliyochukua angalau miaka miwili, uzoefu wa angalau miaka miwili ndani ya mitano iliyopita, na mshahara wa kutosha. Mwaka 2025 kiwango kilikuwa euro 43,470 kwa mwaka kabla ya makato, isipokuwa mwajiri akiwa chini ya mkataba wa pamoja wa mishahara. Hapo ndipo walioishia Level One ya mwaka mmoja wanakwama. Level Two yako ikionyesha miaka miwili kamili, ziandike tarehe zote za kuanza na kumaliza. Usiache mwezi hata mmoja hewani.

Umri: una 38, uko salama. Aliyevuka 45 anadaiwa mshahara wa juu zaidi, mwaka 2025 ulikuwa euro 53,130, au aonyeshe ana pensheni ya kumtosha.

Fundi Nguzo

Kaka, hii barua ya kurasa tatu imenifungua macho. Injinia wangu wa Level Two yupo Moshi, ana umri mkubwa sasa. Jumamosi naenda.

Mlezi Mtarajiwa

Na Uingereza jamani? Kazi ya kulea wazee nasikia ni rahisi, kozi ya wiki sita tu.

Mleta uzi

Ilikuwa hivyo, mdogo wangu. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga njia ya walezi wanaoomba kutoka nje ya nchi, na siku hiyohiyo kiwango cha kawaida cha mshahara kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi kikapanda hadi pauni 41,700. Wauguzi waliosajiliwa bado wana njia yao kupitia NMC, baraza la wauguzi la huko, mtihani wa kompyuta halafu ule wa vitendo. Lakini anayekuuzia leo "nafasi ya ulezi London" anakuuzia mlango uliofungwa. Ukikutana naye, muulize tarehe niliyokuandikia.

Mhitimu wa Mlimani

Vipi sisi wa digrii? Uhasibu, GPA 4.1.

Kaka wa Stuttgart

Digrii ni rahisi kidogo. Tafuta chuo chako kwenye hifadhidata yao ya anabin. Kikiwa na alama ya H+, yaani kinatambuliwa, na digrii yako imo, unachapa ukurasa, umemaliza. Digrii isipokuwepo unaomba ulinganisho kwa ZAB, ofisi yao ya kupima digrii za nje iliyopo Bonn, euro 208. Kisha ni mshahara: Kadi ya Buluu ya Ulaya, kibali cha kazi cha wenye digrii, ilidai mshahara wa euro 48,300 kwa mwaka 2025, au 43,759.80 kwa kazi zenye uhaba na kwa waliohitimu ndani ya miaka mitatu. GPA hawakuuliza. Kwa uhasibu, lugha ndiyo itakayokupa kazi au kukunyima, sheria zao za kodi zote ni Kijerumani.

Mhitimu wa Mlimani

Na hii Kadi ya Fursa, ya kwenda kutafuta kazi ukiwa hukohuko?

Mleta uzi

Ipo tangu Juni 2024, Chancenkarte. Kwa asiyetambuliwa cheti kikamilifu ni ya pointi sita. Mimi siipendi kwa mtu wa kwetu asiye na akiba. Lazima uonyeshe euro 1,091 kwa kila mwezi, ndivyo ilivyokuwa 2025, kwa mwaka ni 13,092 zimefungiwa benki. Nimeona kaka mmoja hapa Kassel aliyeuza kiwanja cha Kibaha kwa ajili hiyo. Mwezi wa tisa alikuwa anaosha vyombo saa ishirini kwa wiki, ndizo anazoruhusiwa, na usaili wa fani yake hajapata. Bora hizo fedha na huo muda uziweke kwenye lugha na kupima cheti ukiwa kwenu, kodi ya nyumba huilipi.

Mstaafu wa Wilaya

Nimefuatilia kwa utulivu. Mimi ni mganga mstaafu, nimefanya kazi hospitali za wilaya miaka 34. Binti yangu, naheshimu juhudi zako. Lakini wodi nilizoziacha zina muuguzi mmoja kwa wagonjwa arobaini usiku. Hiyo orodha ya WHO uliyoitaja haikuwekwa kwa bahati. Unajisikiaje kuwaita wenzako?

Mleta uzi

Shikamoo baba.

Swali lako nimeliweka moyoni siku nyingi, nikujibu kwa ukweli. Nilijitolea hospitali ya wilaya miaka miwili na miezi minne baada ya kuhitimu. Nauli nilipewa na mama. Usiku mmoja kwenye wodi ya wazazi tulikuwa wawili, mimi wa kujitolea na mwenzangu wa kujitolea, mwajiriwa alikuwa ameitwa chumba cha upasuaji. Nafasi za ajira zilipotangazwa niliomba mara tatu. Kwa hiyo, baba, mimi sikuiacha nafasi. Nafasi haikuwepo, ingawa wagonjwa walikuwepo, na wewe unajua hilo kuliko mimi.

Hata hivyo siandiki uzi huu kumtoa mtu kazini. Mwenye ajira ya serikali, mwenye watoto wadogo, aliye na pumzi pale alipo, simshauri aondoke. Namwandikia yule aliyekaa na leseni yake ndani, ambaye wakala anamzungukia na kumla. Yule ataondoka hata mimi nikinyamaza. Nataka aondoke bila kuuza machungwa ya mama yake.

Mstaafu wa Wilaya

Marahaba. Nimekuelewa mwanangu. Hayo ya kujitolea nilikuwa nasaini mimi, mwaka hadi mwaka, na nilikuwa nasikia aibu. Endelea.

Jirani wa Kigamboni

Huyu mzee kaongea hadi nimenyamaza. Dada, tueleze na huo mtihani.

Mleta uzi

Ule mtihani wa kupima maarifa una sehemu mbili, mdomo na vitendo. Mdomo ni kama dakika 45 hadi saa nzima. Vitendo ni wodini, mgonjwa halisi, na wasahihishaji wamesimama mlangoni na karatasi zao. Ukianguka sehemu moja unairudia hiyo mara moja tu.

Kilichonitoa jasho hakikuwa dawa wala vidonda. Kwetu mgonjwa anaogeshwa na ndugu zake. Ndugu analeta uji, anabadilisha shuka, anamgeuza. Muuguzi anachoma sindano, anaweka dripu, anazalisha, anashona. Hapa mimi niliyezalisha kinamama zaidi ya mia nimekaa nikifundishwa kumwogesha bibi wa miaka 86: maji ya joto gani, unaanza usoni, unamfunika sehemu ambayo huiogeshi, unamuuliza kila unapohama, unaangalia ngozi ya visigino na kiuno kama imeanza kuwa nyekundu. Mwanzoni niliona wananishusha. Baadaye nikaelewa zile saa za "uuguzi wa wazee" kwenye barua ya mapungufu zilikuwa na maana gani. Yule bibi hana ndugu anayeleta uji. Mimi ndiye ndugu. Ngozi yake nisipoiangalia mimi hakuna atakayeiangalia.

Siku ya mtihani mgonjwa wangu aliketi kitandani akasema, "Mir ist so schwummrig." Darasani tulifundishwa schwindelig, kizunguzungu. Schwummrig sikuwahi kulisikia. Niliona mkono wake umeshika kingo ya kitanda, midomo imepauka, nikamlaza, nikainua miguu, nikapima presha, 85 kwa 50. Msahihishaji akaandika kitu. Lugha nilikuwa nimeikosa, ila ule mkono kwenye kingo nilishauona Muheza mara nyingi. Nilifaulu. Na neno lile niliandika kwenye daftari nilipofika nyumbani. B2 ya cheti ni mwanzo tu, jamani, wazee wa hapa hawaongei kama kitabu.

Mzazi wa Morogoro

Mshahara dada? Watoto wanatuambia milioni kumi kwa mwezi.

Mleta uzi

Mama, nikiwa msaidizi mkataba ulisema kama euro 2,700, mkononi nikipata karibu 1,900. Kodi, bima ya afya, pensheni, vyote vinakatwa kabla hujaziona. Chumba changu ni 480 pamoja na joto. Baada ya hati nimepanda, mkononi ni kama 2,300. Ukizigeuza kuwa shilingi zinatisha, ukizila kwa euro zinaisha. Namtumia mama kila mwezi, na deni la machungwa nimelimaliza, ila nimelimaliza kwa miezi kumi na minne, siyo mwezi mmoja.

Na kwa sababu umeuliza kama mzazi: viza yenyewe iligharimu euro 75. Mwajiri wangu alilipia njia ya haraka huku Ujerumani, euro 411, ubalozi ukanipa miadi ndani ya wiki tatu. Nilikwenda Umoja House asubuhi, nikatoka kabla ya saa sita. Hapakuwa na mtu wa kati hata mmoja. Mtu akikwambia "hela ya ubalozi" ni milioni, mwoneshe hapa.

Mdogo wa Jirani

Shikamoo dada. Mimi ndiye yule wa juisi wa Kigamboni, kaka kanipa uzi nikausoma wote jana usiku. Leo nimekwenda chuoni. Msajili amenipigia muhuri kurasa 14. Zipo saa za wodi ya watoto, upasuaji, wazazi na jamii. Saikiatria imeandikwa tu "imekamilika", hakuna saa. Amesema inatosha, ndivyo wanavyoandika siku zote.

Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu, umefanya kazi kubwa kwa siku moja. Ila haitoshi. Kesho rudi na kijitabu chako cha wodini, mfungulie ukurasa wa saikiatria wenye sahihi, mhesabieni pamoja siku na saa, aziandike. Mpelekee na juisi yako, akae vizuri. Usitoke ofisini hapo bila hizo saa.

Mdogo wa Jirani

Kijitabu ninacho. Sahihi ni wiki nne. Nafika saa mbili asubuhi, kabla hajaanza foleni.